Saumu za Mama Kwenye Theluji

Milimani, Austria
Jumanne, 23 Disemba 2025

Dada Khole,

Shikamoo. Salamu zako zote nimezifunga furushi moja nazituma kwa mkupuo, maana vidole vimeganda na kalamu inanikimbia.

Usiniulize jina la kijiji. Lina herufi kumi na nne na mimi nimebakiwa na meno kumi na moja. Jua tu kwamba mwanangu Muatasim alitupakia ndege Maskati, mimi, mkewe Abeer na watoto wao wawili, akatuteremsha kwenye nchi ambayo, wallahi, mimi nilidhani iko kwenye makopo ya biskuti tu.

Nakuandikia kwa mkono kama ulivyotaka. Ulisema simu huisikii tena, na mtu akikupigia kelele mtaa mzima wa Ibra unajua habari zetu. Haya basi. Mimi naandika, mjukuu wangu Lamees anapiga picha karatasi, anamrushia mtumishi wako Kuruthum, na Kuruthum anakukuzia maandishi hapo jikoni. Usihofu. Lamees ana miaka kumi na sita na mwandiko wangu hausomi hata neno moja, anasema ni kama nyayo za kuku. Na Kuruthum siri zetu anazo zote tangu alipokuja kutoka Tanga, hana jipya la kujua.

Dada, nimeiona theluji.

Nilifungua mlango asubuhi nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Kwanza ni ukimya wake. Mvua hugonga, mchanga wetu wa Sharqiya hukwaruza madirisha, lakini hii imeshuka mpaka imefunika ua, paa, uzio, gari la watu, na sikusikia kitu. Nikanyoosha mkono. Chembe zake zikaniangukia kwenye mkono wa abaya, na kwa kuwa abaya ni nyeusi nikaziona moja moja. Kila moja ina ncha sita. Mshono wake kama wa kofia ya Baba, tundu kwa tundu, na hakuna iliyokosewa. Nikasimama nazitazama zinayeyuka, na nyingine zinakuja, na nyingine, nami nasema Subhanallah, Subhanallah, mpaka Abeer akatoka mbio akidhani nimepatwa na kiharusi. Nikamwambia, mwanangu, niache. Kuna aliyezishona hizi zote na hakuna aliyemwagiza.

Mchana wote wanakwenda mlimani kujifunza kuteleza kwa mbao. Muatasim, mkurugenzi mzima wizarani, anaanguka kama gunia la mchele. Wiam mdogo, miaka saba, anampita baba yake akicheka. Mimi nabaki nyumbani na mwenye nyumba, mjane wa rika langu anayeitwa Roza. Namwita Bi Roza naye anaitika. Yeye hajui Kiswahili, mimi sijui Kijerumani, na tunazungumza kutwa.

Sasa la muhimu: saumu za Mama. Thelathini alizonadhiri, akafa mwezi wa Shawwal hajazifunga. Kumi na tano zangu, kumi na tano zako, na Ramadhani isitukute nazo. Ulinishauri nifunge huku kwa sababu mchana wa baridi ni mfupi. Mfupi? Naona haya kukwambia. Jua linaingia nyuma ya mlima saa nane na dakika ishirini mchana! Dakika chache baadaye simu yangu nayo inaadhini magharibi, ile adhana aliyonitilia Lamees tukiwa Ibra. Nafungua kwa tende, naswali, na Bi Roza ananitazama anatabasamu. Ajabu ni kwamba mwanga haukatiki. Unabaki saa mbili nzima, kwa sababu theluji haikubali giza. Nchi hii Mungu ameipendelea, Dada.

Leo siku ya tatu. Nafunga, ingawa unajua moyo wangu kwa Mama ulivyokuwa. Nafunga kwa sababu umeniomba wewe. Lakini niambie jambo moja. Ulisema ni nadhiri. Nadhiri ya nini?

Mdogo wako,
Ghanima


Ibra
Ijumaa, 26 Disemba 2025

Ghanima,

Marahaba. Barua yako Kuruthum amenikuzia mpaka herufi zikawa kubwa kama vidonge vyangu. Nimeisoma mara tatu. Ya tatu nilikuwa natafuta mahali ulipouliza hali yangu, sikupaona.

Hali yangu nzuri. Hapa nako baridi, asubuhi nyuzi kumi na mbili, Kuruthum amevaa soksi mbili na analalamika kama ni yeye aliyekwenda kwenye theluji. Jumatano tulikwenda soko la wanawake. Nikanunua kitambaa cha kanga ambacho sikihitaji na bokhur ya kufukiza ambayo ninayo. Yule binti Mahrous wa duka la mwisho akaniuliza, mdogo wako yuko wapi? Nikamwambia yuko Ulaya anateleza. Soko zima likacheka, na miye nikacheka nao, maana nilikuona miguu juu.

Habari ya mfungo wako, nilidhani nimekosea kusoma. Saa nane na nusu! Miye natoka jasho mpaka kumi na moja na nusu, wewe unamaliza kabla ya watu kulala mchana. Lakini nilikwisha kusikia huko kaskazini kuna mahali jua halichomozi kabisa, basi si ajabu. Funga, mdogo wangu, funga vizuri. Miye niko siku ya nane.

Uliyoniuliza kuhusu nadhiri, hayo ni ya Mama na Mola wake. Aliniambia siku zile za mwisho, ulimi wake mzito, na alinitaka nihakikishe zinafungwa. Basi. Kufunga hakuhitaji maelezo. Wewe tangu mdogo huwezi kupewa andazi bila kuuliza limekaangwa na nani.

Nielezee hiyo theluji tena. Inanuka nini?

Dada yako,
Khole


Milimani
Jumapili, 28 Disemba 2025

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kutokuuliza hali yako. Nauliza sasa: hujambo? Sukari vipi? Unakula daku?

Theluji hainuki kitu, na huo ndio uajabu wake. Unavuta pumzi na hewa inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye magoti. Nimechota bakuli nikaiyeyusha nikatawadhia. Maji yake mepesi, hayana chumvi wala udongo. Nilipomaliza nikabaki nimekaa na uso umelowa. Nikafikiri tunavyogombania zamu ya maji ya falaj, ule mfereji wa mashamba, huko kwetu, dakika kwa dakika, na hapa maji yamelala juu ya nchi nzima kimo cha mtu na watoto wanayapanda kwa vibao. Sikulalamika, Dada. Nilistaajabu tu kwamba ni Mungu yule yule.

Jana Muatasim alitukodia gari la farasi lisilo na magurudumu. Limewekewa mbao mbili chini, linapita juu ya theluji kama kisu kwenye siagi, kengele zinalia, tumefunikwa blanketi la manyoya mpaka kidevuni. Wiam alinikalia mapajani akaniambia, "Bibi, usiogope, mimi nimekushika." Sikuogopa, lakini nilinyamaza anishike.

Jioni Bi Roza alinionyesha mbao mbili ndogo za kuteleza, zimetundikwa juu ya mlango. Ni za mwanawe alipokuwa mtoto. Sasa ana miaka hamsini, anaendesha ule mtambo mkubwa wa kusawazisha theluji, na mama yake kila siku anazifuta vumbi. Aliponiona nimezitazama sana akanishika mkono. Akaushika tu, kama dakika moja, kisha akaenda kupika viazi.

Dada, nakuuliza bila uchungu, au na uchungu kidogo. Mama aliwahi kunishika mkono hivyo? Wewe ulisukwa nywele na Mama kila Ijumaa; mimi nilipelekwa kwa jirani. Nikikohoa tu, Mama anaondoka chumbani. Siku ya harusi yangu watu wote walinibusu, yeye alisimama mlangoni ameshika pazia, akanitazama kama mtu anayesubiri habari mbaya. Miaka yote mimi nilimhesabia kwamba hakunipenda. Nikazoea. Mtu huzoea. Sasa nimefunga siku nane kwa ajili yake na kila nikinuia ulimi unakwama.

Kesho Muatasim anataka anipandishe kileleni kwa kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya. Nimesema sawa, ila baada ya kufungua.

Ghanima


Milimani
Jumanne, 30 Disemba 2025

Bibi Khole,

Shikamoo. Mimi Lamees. Samahani Kiswahili yangu mbovu, Baba anasema niandike mwenyewe bila kumuuliza.

Bibi yangu jana alipanda mlima na sisi. Saa tisa hivi. Kupanda alikuwa anafurahi, alikuwa anakula tende, alimpa Wiam moja. Kufika juu akatoka nje, akasimama, akatema tende kwenye mkono. Wallah, nilimuona. Akasema "Astaghfirullah" mara nyingi sana. Tukamuuliza, Bibi una nini, unaumwa? Akakaa kwenye kiti cha mkahawa mpaka tukashuka.

Tangu jana yupo chumbani. Hafungi, halafu pia hali. Bi Roza amempelekea supu, imerudi yote. Leo tulitengeneza mtu wa theluji na kumvalisha kofia ya Baba, nikamwita aje aone, hakuja. Mama anasema labda ni umri. Mimi naona sio umri.

Wewe unamjua. Yaani kuna kitu gani juu ya mlima? Mimi niliona jua tu na milima, zilikuwa nzuri sana.

Tafadhali mwandikie. Mimi nitampelekea hata kama amefunga mlango.

Mjukuu wako,
Lamees


Milimani
Jumatano, 31 Disemba 2025

Dada Khole,

Shikamoo. Barua hii nimeichana mara mbili. Hii ya tatu naituma ilivyo.

Juzi nilifungua saa nane na nusu kama kawaida. Mlima ulikuwa umelimeza jua, simu imeadhini. Nikala tende tatu, nikatia nyingine mfukoni, Muatasim akanipakia kwenye kile kibanda. Kinapanda taratibu, Dada. Paa la Bi Roza likawa kama kiberiti. Misonobari ikawa kama miiba ya samaki. Tukaingia kwenye wingu, hatuoni mbele wala nyuma, Wiam ameniganda. Halafu tukatoka juu ya wingu.

Milima, na nyuma yake milima, na nyuma yake milima, yote nyeupe, mpaka macho yanachoka na milima haijachoka. Nimekwenda Hija mara mbili na nimelia Arafa. Hapa sikulia. Nilitafuta tu kitu cha kushika. Nilisema moyoni, Mola wangu, vitu vyote hivi vilikuwepo mimi nikiwa Ibra nagombana na fundi kwa sababu ya bomba la jikoni?

Ndipo nikahisi joto shavuni. Nikageuka.

Jua lilikuwa lipo, Dada. Liko juu, zima, linawaka, limebakisha mwendo mrefu kabla ya kuzama. Nami tende iko mdomoni.

Halikuwa limezama. Lilijificha tu nyuma ya mlima, na mimi huku bondeni nikadhani mlima ndio mwisho wa dunia. Na simu? Muatasim ameifungua jana. Adhana ile bado imewekwa Ibra. Ilikuwa inaadhini magharibi yenu, huko kwenu kumi na moja na nusu, huku nane na nusu. Alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaniona uso, akaacha.

Siku tisa. Zote tisa nimekula mchana kweupe, tena nikasingizia theluji kwamba inatunza mwanga. Umri wangu sitini na nane.

Sasa nakwambia jambo na usikasirike. Naona Mungu amenikatalia. Nilikuwa nafunga kwa ulimi unaokwama, kwa mtu aliyekuwa akitoka chumbani nikikohoa, na Mungu akaniachia nijidanganye siku tisa halafu akanipandisha juu akanionyesha jua lake. Nimeelewa. Tukirudi nitalisha maskini kumi na tano nikamalizane na Mama. Wewe uliyependwa, funga zako.

Leo usiku watu wa kijiji watashuka mlimani na mienge, wote kwa pamoja, ni mwaka mpya wao. Watoto wanafurahia. Mimi sitatoka.

Ghanima


Ibra
Ijumaa, 2 Januari 2026

Ghanima,

Usinisalimie, nami sikusalimii. Soma kwanza.

Nimekasirika. Nimemfokea Kuruthum asiye na kosa. Kisha nimekaa kitako tangu swala ya Ijumaa natafuta pa kuanzia, na naona nianze na uongo wangu.

Sikuwa siku ya nane. Nilifunga nne tu, mwezi wa kumi na moja. Siku ya tano sukari iliniteremka, Kuruthum akanikuta sakafuni karibu na friji. Daktari amenikataza kufunga, si hizi wala si Ramadhani. Nilikuficha kwa sababu nilijua utasema basi, tuache. Nikajipa moyo kwamba wewe ukimaliza zako, nitajua la kufanya kwa zangu. Kulisha ni kwa asiyeweza, Ghanima. Miye ndiye wa kulisha. Wewe una uzima wako, kwa hiyo huna pa kutokea. Siku tisa zile uzilipe, ndivyo sheria ilivyo kwa aliyefungua akidhani jua limetua kumbe halijatua. Hukupata dhambi. Mungu hakukukatalia kitu. Ulikosea, ukaonyeshwa. Watu wangapi wanakosea na hawaonyeshwi mpaka wanaingia kaburini?

Sasa naivunja amana ya Mama, Mungu anisamehe.

Ulikuwa na miaka sita. Miye kumi na mbili, nakumbuka kila kitu. Tuko Unguja, nyumba ya mtaa wa Malindi. Surua ilikushika ikashuka kifuani. Ulikuwa unapumua kama paka. Daktari wa Kigoa alikutazama, akamvuta Baba pembeni, na Baba aliporudi hakukaa. Mama alitoka uani, mchana, akasimama katikati ya jua bila hata mtandio, yeye ambaye hata kuku hawajapata kumwona nywele. Miye nilikuwa nyuma ya birika kubwa la maji. Nilimwona midomo inakwenda, sikusikia. Miaka sitini na mbili sikujua alisema nini, mpaka kitandani mwake hapa Ibra aliponiambia. Alisema, "Ya Rabbi, huyu niachie. Nitakufungia siku thelathini."

Magharibi ukafungua macho ukaitisha uji.

Wewe ndiye nadhiri, Ghanima. Ndiyo hiyo uliyoniuliza.

Alichelewa kuilipa kwa sababu alikuwa mja mzito wa yule aliyefia tumboni. Akaja akaianza mwezi wa Shaaban. Siku ya sita ya saumu ikawa ile Jumapili ya Januari sitini na nne, mengine sina haja ya kukutajia. Baba alitoka kwenda kutazama kuna nini na hakurudi. Mama akafungua kwa machozi, na tangu hapo akaogopa kuianza tena. Aliona akiigusa nadhiri ile, Mungu atakuja kuchukua kingine. Na asipoigusa, atakuchukua wewe. Akakaa katikati hapo maisha yake yote.

Unasema ukikohoa alikuwa anaondoka chumbani. Kweli, alikuwa anaondoka. Miye nilikuwa namfuata. Alikuwa anakwenda kusujudu.

Kukushika alikuwa anaogopa. Aliniambia kwa maneno haya: "Kila nikimshika Ghanima nilijiona nimeshika kitu cha dukani nisichokilipia, na mwenyewe anatazama." Mlangoni kwenye harusi yako alikuwa anahesabu miaka. Kumi na mitano amenipa, alisema, na bado. Miye alinisuka nywele kwa sababu kwangu hakuwa na hofu. Basi ndilo pendo nililopata zaidi yako, la mtu asiye na hofu. Ukilitaka, nakupa.

Alinikataza nisikwambie. Alisema utajiona deni. Lakini nimesoma barua yako, "wewe uliyependwa", na nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Funga au usifunge. Nimekwisha kusema.

Khole


Milimani
Jumatatu, 5 Januari 2026

Dada yangu Khole,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa zile ulizoninyima.

Barua yako Lamees aliichapisha akaipitisha chini ya mlango. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma nimekaa. Halafu nikatoka nje bila kofia wala glavu, Bi Roza nyuma yangu anapiga kelele kwa lugha yake, nikasimama uani kwake kwenye theluji mpaka magoti. Sikujua nalia mpaka nilipohisi mashavu yanakakamaa.

Miaka sitini na mbili, Dada. Nimejaribu kuihesabu. Muatasim kuzaliwa, na Lamees, na Wiam, na gari la farasi, na kila andazi nililouliza limekaangwa na nani. Vyote hivyo mtu aliviomba juani, kichwa wazi, kisha akaogopa kuvigusa. Nami nilikuwa namhesabia. Kila alipotoka chumbani niliandika moyoni, na kumbe anakwenda kunishikia dunia isinidondoshe.

Nimestaajabu mambo mengi tangu nije huku, nimekuandikia yote. Hili sina maneno yake.

Sasa sikiliza, nawe usibishane, umeshazoea kunitawala. Usifunge hata siku moja. Kuruthum akikuona huna kikombe cha chai mkononi aniandikie. Thelathini zote ni zangu. Si kumi na tano. Zile nne zako Mungu akuandikie za kwako mwenyewe, mimi naanza moja. Nikianza leo namaliza mwanzo wa Februari na Ramadhani haijafika. Muatasim alitaka kusema kitu kuhusu safari na umri wangu. Nilimtazama akaacha.

Leo nimefunga. Nimenuia alfajiri kwa sauti na ulimi haukukwama.

Simu nimeizima. Mlima nao siuamini tena. Bi Roza, alipoelezwa na Lamees, alimpigia mwanawe, yule wa mtambo wa kusawazisha theluji. Akaja saa tisa na nusu, jitu lina mabega kama mlango, akaninyanyua kama mtoto akaniweka kitini karibu yake na Lamees nyuma. Tukapanda juu ya wingu, njia yote minyororo inanguruma, mpaka kwenye kibanda chake cha mbao mgongoni mwa mlima. Akazima mtambo.

Tulisimama tukalitazama jua. Halina haraka, Dada, ukilisubiri kweli. Lilishuka mpaka likagusa milima ya mwisho, theluji yote ikawa rangi ya waridi, hata uso wa Lamees, hata mikono yangu. Likabaki ukingo. Likabaki nukta. Lamees akasema, "Bibi, limezama." Nikasema, subiri. Nikasubiri mpaka sehemu lilipokuwa pakawa buluu, na nyota moja ikatoka, na nikawa sina shaka hata chembe.

Nilifungua kwa maji. Kabla sijameza nikasema kwa sauti, mbele ya mjukuu wangu na mgeni yule asiyejua neno la Kiswahili:

"Mama, nimepona. Njoo unishike."

Ghanima